Miwani ya Urbani na Wageni Waliokalishwa Shambani

Ninaloleta hapa hamtaliamini, na sitawalaumu. Hata mimi niliyekuwepo, asubuhi nyingine nikiamka siliamini mpaka ninywe chai kwanza. Ni habari ya mzee wa Kitura, huku milimani Mbinga, aliyesikia kwa macho. Sisemi kwa mfano. Alisikia kwa macho, na siku aliyosikia neno kubwa kuliko yote aliwakalisha wageni wa posa shambani kwenye baridi, ikabaki kidogo tu ndoa ya bintiye ivunjike.

Mzee huyo anaitwa Urbani. Mdogo wake anaitwa Ignatio. Ignatio ndiye mimi ninayeandika, lakini humu nitamwita Ignatio tu, kwa sababu mengi aliyoyafanya ni ya sifa na sipendi kuonekana najisifu. Kuandika si shida: nimesoma mpaka darasa la saba, na la saba lenyewe nililisoma mara mbili. Shida ni Urbani. Amesema habari yake haitoki mpaka asomewe yote. Ndiyo maana naandikia hapa kwenye meza za kuanikia kahawa, yeye kakaa mbele yangu na miwani yake, nami nikimaliza kipande namsomea. Mpaka sasa amenyamaza. Tuendelee.

Urbani hakuzaliwa kiziwi. Ujanani alifanya kazi kwenye kinu kimoja cha kukoboa kahawa, amesimama ubavuni mwa injini, ameziba masikio kwa pamba ya godoro. Aliporudi Kitura kulima yaliyo yake, masikio yakaanza kufungwa kidogo kidogo, kama duka linavyofungwa jioni, dirisha moja moja. Kwanza wakaondoka ndege. Kisha watoto, kisha kengele ya kanisa. Mwisho akaondoka mkewe Kunigunda, ambaye sauti yake, kwa heshima zote, watu wa kijiji cha Mbuji, ng'ambo ya mlima, wanaisikia wakiwa wamefunga milango.

Kuanzia hapo masikio ya Urbani yakawa Ignatio. Kwenye mkutano wa kijiji, kwenye chama cha ushirika, kwenye misiba, Ignatio alikaa kushoto kwake na kumwambia kilichosemwa akiwa amebandika mdomo kwenye sikio la kushoto, ambalo kwa namna hiyo bado lilipokea kidogo. Kazi hiyo si ndogo. Mtu amezungumza tangu asubuhi, wewe unatakiwa umpe mwenzio kwa pumzi moja. Ignatio alikuwa fundi. Ofisa angefoka nusu saa kuhusu watu wanaokata miti kwenye chanzo cha maji, naye angeinama na kusema, "Anatusalimu, ila amechoka." Urbani angeitikia kwa kichwa, na amani ikatawala.

Amani hiyo iliharibika siku ya sherehe ya kumuaga Gertruda, binti yake mkubwa. Baba wa bwana harusi alisimama, akaanza kwa mizaha, watu wakacheka, Urbani akaona meno ya watu naye akacheka. Yule bwana akabadilisha, akaanza kumzungumzia mama yake aliyefariki kabla hajaiona siku ile. Watu wakashika vitambaa. Urbani alikuwa bado anacheka. Kiwiko cha Ignatio kilichelewa, kwa sababu Ignatio mwenyewe alikuwa analia. Ukumbi mzima uligeuka. Gertruda aliyaona yote, shela likiwa bado kichwani, akalia kilio kisicho cha kuagwa.

Tangu siku hiyo Urbani hakucheka tena mbele za watu. Hata mzaha auone umetua kabisa, alibana midomo na kungoja.

Basi ikafika zamu ya Restituta, mdogo wake Gertruda. Restituta anafundisha shule ya msingi huko ziwani, na huko ndiko alikokutana na Stephano wa Liuli, fundi wa injini za boti, kijana mpole asiye na makuu. Kasoro yake ni moja, kama mnaita kasoro: kwao ni Waanglikana tangu babu wa babu, na sisi huku juu ni Wakatoliki mpaka kuku. Safari ya kwanza wazee wake walipopanda kuja Kitura, mambo ya mahari yaliisha vizuri. Likabaki la kanisa. Walizungumza sana. Ignatio akainama akamwambia kaka yake, "Wamekubali. Ndoa Mbinga, kanisa letu."

"Wamesema nini hasa?" Urbani akauliza.

"Wamesema ndiyo."

Urbani akawatazama wale wageni, akaona sura ambazo hazikuwa zimesema ndiyo. Baada ya wiki akapata ujumbe wa simu kutoka kwa Restituta: "Baba, mimi sitaki kuingizwa kanisa jingine kimya kimya nikishafika huko. Ukikutana nao tena, uliza wewe mwenyewe. Usimtume baba mdogo."

Baba mdogo ni Ignatio. Watoto wa siku hizi hawana shukrani.

Aliyeleta miwani ni Victor, mwana wa Ignatio, kwa maana akili katika ukoo huu inajulikana inapitia wapi. Victor ana banda la kutengeneza simu Songea, na aliiagiza kutoka nje kwa ajili ya mteja ambaye hakurudi. Kwa kuitazama ni miwani ya kawaida tu, fremu nyeusi, nene kuliko ya mwalimu mstaafu, na vishikio vipana upande wa masikio kwa sababu humo ndimo ilimofichwa betri. Vioo ni vyeupe. Ukivaa unauona mlima wako na mikahawa yako vilevile, ila mbele ya hivyo vyote yanatokea maandishi ya kijani yanayoelea, kama mtu ameandika kwenye ukuta usiokuwepo. Mtu akisema, miwani inasikia, inapeleka kwenye simu iliyo mfukoni mwa shati, simu inapeleka kwenye mtandao, mtandao unarudisha maneno yakiwa yameandikwa. Yote hayo yanatendeka kabla msemaji hajafunga mdomo.

"Jaribu, baba mkubwa," Victor alisema.

Urbani akavaa. Ignatio akasema maneno machache ya ukaribisho. Urbani akasoma, akasoma, akasoma, kisha akainua mkono. "Kumbe huwa unasema hivi vyote?"

Wiki za kwanza Kitura ilikosa usingizi. Victor alieleza kwamba miwani haina kamera. Hakuna aliyemwamini. Akina mama kwenye mashine ya kusaga wakimwona Urbani anakuja walijifunga kanga ya pili. Mwenyekiti wa kitongoji alianza kumpa salamu kwa Kiswahili cha redioni. Kanisani Urbani alikaa benchi la mbele na kuyasoma mahubiri mwanzo mpaka mwisho, akatoka akimwambia Kunigunda kwamba hajapitwa na kitu miaka yote hiyo, kwa sababu yalikuwa yale yale aliyoyaacha siku masikio yalipofungwa.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na kazi. Miwani ile inajua Kiswahili, Kimatengo haikijui hata salamu. Mtu akisema Kimatengo, zinatokea nukta tatu, zinapotea, zinarudi, kama mtu anayetafuta neno. Sasa Kunigunda na Urbani wameishi umri wao wote kwa Kimatengo, Kiswahili ni cha sokoni na ofisini. Ikabidi mama wa watu apande kutoka jikoni mpaka kwenye meza za kahawa, ambako miwani ilifanya kazi, na kusema, "Mume wangu, chakula kiko tayari, karibu mezani," akajisikia kama anamkaribisha mkuu wa wilaya. Siku ya tatu akachoka. Akabaki na Kiswahili kwa mambo mazuri, na Kimatengo kwa yale ambayo hakutaka yasomwe. Urbani akiona nukta tatu zinaruka ruka bila kukoma, alijua amekosea kitu, akaenda shambani.

Miwani ina mengine. Ina mshale wa kuonyesha njia. Urbani aliujaribu kutoka Mbinga mjini kurudi Kitura, njia aliyoijua akiwa mgongoni mwa mama yake, mshale ukamzungusha barabara ya magari mpaka miguu ikamvimba, akauzima. Inatafsiri Kiingereza, akaiweka mbele ya redio, akasoma kwamba Ulaya kuna joto, akazima na hilo. Sokoni haifai kabisa, maana inaandika watu wote kwa pamoja, na bei ya nyanya ikaingiliana na ugomvi wa mke na mume asiowajua. Jua likiwa kali maandishi yanafifia. Ukungu ukishuka vioo vinapofuka, na akiwa anafuta haisomi, kwa hiyo akifuta ni kiziwi tena. Pua ilipata madoa mawili mekundu. Betri inakwenda nusu siku ukiitumia kwa adabu, na Urbani hakuwa na adabu, alitaka kusikia kila mtu.

Lakini kubwa kuliko yote ni mtandao. Nyumba ya Urbani iko kwenye kibonde, mlima uko mbele na mlima uko nyuma. Sebuleni simu haishiki hata kidogo. Inashika mahali pamoja tu: hapa juu kwenye meza za kahawa, ukingoni mwa shamba.

Basi wazee wa Liuli wakatuma habari kwamba wanakuja kumaliza la kanisa na kupanga siku. Urbani akamwita Ignatio.

"Nitawakalisha kwenye meza za kahawa."

"Nje?" Ignatio akashtuka. "Kaka, wageni wa posa? Watu watasema tumewanyima sebule."

"Sebuleni nitasikia kwako. Nimesikia kwako miaka mingi. Safari hii nataka kusikia kwao."

"Basi tuwaambie sababu."

"Usiwaambie. Wakijua wataanza kuchagua maneno. Nitawaambia mwenyewe, baadaye."

Hapo ndipo alipokosea, na Ignatio aliona kabisa kwamba anakosea, ila mdogo ana mipaka yake.

Ilikuwa Jumamosi ya Julai, mwezi ambao ukungu wa Kitura haupiti, unakaa kama mpangaji. Kunigunda, kwa aibu, alitandaza vitambaa vyake vya makochi, vile vyeupe vilivyofumwa, juu ya viti vya plastiki, vikapangwa katikati ya meza za kahawa. Kahawa yenyewe ilikuwa imetandazwa juu ya meza, imekaribia kukauka, ikingoja kufungwa kwenye magunia.

Wageni wakafika. Mbele alikuwa Erasmo, baba yake Stephano, mvuvi wa usipa, wale dagaa wa ziwani wanaovuliwa usiku kwa taa, mtu mrefu mwenye mikono kama makasia, amevaa shati la ziwani lenye mikono mifupi. Pembeni yake dada yake Eunice, amevaa viatu vya Jumapili. Nyuma yao wazee wawili wa ukoo waliokuwa tayari wanatetemeka. Stephano hakuja, posa ni ya wazee. Restituta alikuwa jikoni na mama yake, mlango ukiwa wazi kidogo.

Wakasalimiana. Salamu zote zilimpita Urbani, maana alikuwa anafuta ukungu kwa pindo la shati. Wageni wakaelekezwa viti. Wakakaa, wakatazama nyumba kule chini, ambayo moshi wa jikoni ulikuwa unatoka, wakatazama vitambaa vya makochi vinavyolowa.

Eunice akamwinamia Ignatio. "Baba mdogo, samahani. Ndani kuna mgonjwa?"

"Hapana, mama. Ndani wote ni wazima kabisa."

"Sasa mbona tuko huku?"

Mtu mwingine angebabaika. Ignatio hakubabaika. Alishusha sauti, kama anayetoa siri ya ukoo. "Hii ni desturi yetu Wamatengo. Mgeni wa posa haonyeshwi sebule kwanza. Huonyeshwa ngolo."

Akanyoosha mkono kwenye mteremko. Ngolo ni yale mashimo yetu ya kulimia, yamechimbwa mlimani yakapakana kama sega la nyuki, mvua ikija inakaa humo na udongo hauendi. Wazazi wetu walizichimba, na sisi tunazichimba, na mahindi yanakaa kwenye kingo zake.

"Binti yenu mtarajiwa ametoka humu," Ignatio akaendelea. "Jembe lake liko humu. Lazima mwone alikotoka kabla hamjamchukua."

"Aa," Eunice akasema kwa heshima. "Tumeziona. Ni nzuri."

"Na huzungukwa."

"Huzungukwa? Mara ngapi?"

"Inategemea urefu wa binti."

Eunice akavuta pumzi. Restituta ni mrefu, kila mtu anajua. Akavua viatu vyake vya Jumapili, akavishika mkononi, akakanyaga ukingo wa shimo la kwanza, akaanza kuzunguka. Mmoja wa wale wazee akainuka naye, kwa kuwa alikuja kusindikiza na hakutaka kuonekana mvivu.

Wakati huo Urbani alikuwa amemaliza kufuta. Maneno ya kijani yalikuwa yanapita mbele yake moja moja, kila neno la mdogo wake. Mwanzo alidhani miwani imeharibika. Amezaliwa Kitura, amezika wazazi Kitura, hajawahi kusikia desturi hiyo. Akasoma mpaka kwenye urefu wa binti. Akainua macho akamwona Eunice kwenye ngolo, peku, sketi imeshikwa, anaenda kwa uangalifu kama mtu anayebeba mayai.

Urbani akacheka. Alicheka kwa kishindo, tumbo likamtingishika, kiti kikatetemeka chini yake. Kunigunda akatoka mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi, amepauka, maana alikumbuka siku ya Gertruda. Lakini safari hii kicheko kilikuwa mahali pake.

"Mama Eunice, rudi ukae," Urbani akasema. "Hakuna desturi hiyo. Mdogo wangu ameitunga sasa hivi, bado ina moto."

Eunice akasimama na mguu mmoja hewani. Erasmo akawageukia wenzake akasema nao kwa Kinyasa, lugha ya kwao, na kwenye kioo cha Urbani zikatokea nukta tatu, zikapotea, zikarudi. Urbani alikuwa na uzoefu na nukta hizo. Akajua mambo si mazuri.

Erasmo akasimama. Akasema kwa Kiswahili, polepole. "Mzee Urbani. Sisi ni watu wa ziwani, lakini sebule tunazijua. Anayekalishwa shambani ni kibarua. Tumetoka Liuli alfajiri, mmetuweka kwenye baridi, mmemzungusha dada yangu kwenye mashimo, na mnacheka. Kama hamtutaki, semeni. Gari liko pale."

Ignatio alikuwa ameshainama sikioni. "Anasema mandhari ni nzuri—"

Urbani akamsogeza kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayefunga kabati. Alikuwa ameyasoma yote. Miaka mingi hakuna aliyemkasirikia moja kwa moja. Hasira zote zilimfikia zikiwa zimetiwa sukari. Alijisikia, alikuja kuniambia, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi na kukuta kumbe alikuwa na kiu.

"Baba Stephano, nimesoma ulichosema," akajibu. "Una haki. Mimi sisikii. Hata ngurumo siisikii, mpaka mtu abandike mdomo sikioni. Miwani hii inaniandikia maneno ya watu. Ndani ya nyumba yangu hakuna mtandao, hapa upo. Sikutaka kuwaweka nje. Nilitaka kuwasikia."

Erasmo akaitazama ile miwani. "Inaandika kila kitu?"

"Kila kitu cha Kiswahili."

"Hata alichosema dada yangu pale njiani kuhusu tumbo la huyu mdogo wako?"

"Hilo halikunifikia. Nilikuwa nafuta ukungu."

"Mungu ni mwema," Eunice akasema, akarudi kuketi, akaanza kuvaa viatu.

Mmoja wa wale wazee akacheka, kisha mwenzake. Erasmo hakucheka, ila alikaa. Urbani akasogeza kiti mbele. "Safari ile niliambiwa mmekubali ndoa iwe Mbinga, kanisa letu."

"Nani alisema tumekubali?" Erasmo akauliza. "Tulisema tutafikiri."

Watu wote wakamtazama Ignatio. Ignatio akautazama mlima. Kati ya kufikiri na kukubali nafasi ni ndogo sana, mtu anayesikiliza kwa haraka anaweza kupita bila kuiona. Hilo nalisema kwa faida ya wasomaji. Siku ile hakuna aliyeuliza.

Basi Erasmo akajiweka sawa, akaanza kama mzee anavyopaswa kuanza kwenye jambo zito. Akaanza na babu yake, alivyohamia Liuli, mtumbwi wa kwanza aliochonga, wake zake, wachungaji waliobatiza ukoo. Alikuwa msemaji. Urbani alisoma kwa raha zote. Na hapo manyunyu yakaanza.

Mkulima wa kahawa akisikia tone la kwanza Julai, mwili unaruka wenyewe. Kahawa iliyokaribia kukauka ikilowa inachacha, inapoteza harufu, inapangwa daraja la mwisho. Kunigunda alishafika mezani na turubai, anapiga kelele kwa Kimatengo, nukta tatu zinaruka kama panzi.

Urbani akalishika turubai. "Juu ya wageni."

Kunigunda akasimama. Akasahau Kimatengo. "Na kahawa?"

"Ilowe."

Neno hilo halijawahi kutamkwa Kitura. Kunigunda alimtazama mumewe, akatazama kahawa yake ya wiki nzima, kisha akashika pembe moja ya turubai akaliinua. Eunice akashika ya pili. Wazee wawili wa ukoo wakashika ya tatu. Ya nne, iliyokuwa upande wa upepo na maji yote yakishukia huko, akapewa Ignatio, hakuna aliyesema kwa nini. Chini yake wakabaki Urbani na Erasmo, magoti yakikaribia kugusana.

Erasmo akaendelea na mtumbwi wa pili wa babu yake. Lakini Urbani alikuwa ameona alama ndogo pembeni mwa kioo, ile ya betri, imeanza kuwaka na kuzima. Tangu alfajiri alikuwa amevaa miwani akisikiliza majirani bila sababu.

"Baba Stephano," akasema, "betri inaisha. Babu zako nawaheshimu. Niambie la kanisa."

Ignatio alifumba macho. Kumkata mgeni katikati ya babu yake, huo ni utovu ambao hata yeye hakuwahi kuufanya. Wazee wa ukoo wakatazamana. Erasmo akajifuta maji mabegani.

"Hata sisi kwenye usipa," akasema, "taa ikianza kufifia tunavuta nyavu. Hatungoji zijae."

Akainama mbele. Hakumtazama Ignatio. Alitazama vile vioo viwili, akaanza kutamka neno moja moja, kama anayempa mtu vyombo vya kuvunjika.

"Tumefikiri. Mke wangu alitaka ndoa iwe Liuli. Mimi pia nilitaka Liuli, sikufichi. Stephano akatuambia, binti akivutwa siku ya kwanza atavutwa siku zote. Ndoa iwe kwenu, kanisa lenu. Ninaomba tu mchungaji wetu apewe nafasi asome somo. Na Restituta akifika ziwani, Jumapili atakwenda anakotaka mwenyewe. Mtu wangu akimlazimisha, atanijibu mimi. Na wewe ukisikia kinyume cha haya, usimtume mtu. Njoo mwenyewe na miwani yako."

Maandishi yakasimama hapo, yakafifia, yakazimika. Kioo kikabaki kioo.

Urbani akavua miwani. Akaifuta, ingawa haikuwa na kazi tena, akaikunja, akaiweka mfukoni. Jikoni mlango ulikuwa umefunguka wote, Restituta amesimama pale na sufuria ya chai ambayo hakuwa na habari nayo. Kila mtu akangoja. Kwa kawaida anayejibu si baba wa binti, ni msemaji wake, na msemaji alikuwa ameandaa hotuba tangu Alhamisi, yenye vipengele. Ignatio akasafisha koo chini ya pembe yake ya turubai.

Urbani akainua mkono kumnyamazisha.

Na hapa, ndugu zangu, ndipo penye lile nililosema hamtaliamini. Urbani, mtu aliyekaa kimya miaka yote hiyo, akasimama. Ukungu ukagawanyika. Alianza kuzungumza ukungu ukiwa Kitura, akamaliza umeshuka mpaka kijiji cha Kingerikiti kule chini. Aliwataja marehemu wote wa ukoo wetu kwa zamu, akataja mikahawa yake mti kwa mti, wazee wa ziwani wakalia mpaka ngolo zikajaa, Eunice akatupa viatu, Erasmo akapiga magoti kwenye tope akisema hata kwa askofu hajasikia maneno kama hayo, na Urbani akanyoosha mkono wa kulia kama mtume, akapaza sauti iliyosikika ng'ambo Malawi, akasema, "Enyi wana wa ziwa, tegeni—"

"Ignatio."

"Naam, kaka."

"Nasoma hapa kwenye miwani unachonisomea. Wana wa ziwa wametoka wapi?"

"Ni namna ya kuandika tu."

"Nilisema, 'Nimesikia. Karibuni ndani, chai inapoa.' Basi. Na Erasmo hakupiga magoti, aliteleza wakati tunashuka."

"Sawa, kaka. Nafuta magoti. Naandika: Erasmo akateleza, akaondoka na tope, akabiringika akapita nyumba, akapita kanisa, akaenda kusimama Mbuji, ambako watu wali—"

"Ignatio!"